Kufa kwa Ajili ya Nani? Kihusishi ‘huper’ katika Agano Jipya na Matatizo ya Kukifasiri kwa Kiswahili

Waraka wa Paulo kwa Filemoni ndio mfupi kuliko nyaraka zake zote, na pengine ndiyo sababu wahakiki wa tafsiri wameupita bila kuutazama sana. Paulo yumo kifungoni. Anamrudishia Filemoni mtumwa wake Onesimo, naye anakiri katika aya ya 13 kwamba alitamani kubaki naye ili amhudumie. Neno ambalo Paulo analitumia kueleza uhusiano wa huduma hiyo na Filemoni mwenyewe ni kihusishi cha Kiyunani huper. Watafsiri wa Biblia ya Muungano, iliyochapishwa nzima mwaka 1952, walikifasiri hapo kwa neno badala. Onesimo angemtumikia Paulo pale ambapo Filemoni angepaswa kuwapo. Tafsiri hiyo ni sahihi, na sidhani kuna msomaji wa Kiyunani atakayeipinga.

Lakini kihusishi hichohicho ndicho Paulo anachokitumia kila mara anapotaja kifo cha Kristo. Hapo watafsiri walewale hawasemi badala. Wanasema kwa ajili ya, nao wanalishikilia fungu hilo la maneno kwa uthabiti wa kushangaza kutoka Warumi hadi Waraka wa kwanza kwa Timotheo. Swali linalotuongoza katika makala haya ni jepesi kuliuliza kuliko kulijibu: kwa nini lugha ya tafsiri ilithubutu kuwa wazi ilipozungumzia utumishi wa mtumwa mmoja, ikanyamaza ilipozungumzia msalaba? Je, kimya hicho ni upungufu wa Kiswahili, ni woga wa kiteolojia, au ni uaminifu kwa neno lenyewe?

Tuanze na neno lenyewe. Huper lina asili moja na super ya Kilatini na über ya Kijerumani, na maana yake ya msingi ni ya mahali: juu ya kitu, kwa kukifunika au kukipita. Katika Agano Jipya hutokea mara zipatazo 150. Likifuatwa na nomino iliyo katika hali ya akuzativu, huleta maana ya kupita kiasi, kuzidi, kuwa zaidi. Likifuatwa na jenitivu, na ndivyo lilivyo mara nyingi zaidi, maana ya mahali imekwisha kupotea kabisa. Kilichobaki ni uhusiano wa mtu na mtu, au wa tendo na yule linalomhusu. Ni rahisi kuona jinsi maana ilivyosafiri. Anayeinama juu ya aliyeanguka humkinga. Anayemkinga humtendea jema. Na wakati mwingine pigo lililokusudiwa yule aliye chini humpata yeye aliye juu. Hatua hizo tatu hazitengwi na ukuta.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Ugiriki kuuona mwendo huu. Fungu letu la juu ya limesafiri njia inayofanana nayo. Twasema kitabu kiko juu ya meza. Twasema pia tumezungumza juu ya mkutano. Tena twamwambia mtu kwamba jambo fulani ni juu yake, yaani ni wajibu wake. Katika mazungumzo ya mitaani Nairobi, juu imekuwa kiunganishi cha sababu, na katika Kiswahili cha Katanga juu ya hutumika kwa maana ya ‘kwa sababu ya’ na hata ‘kwa ajili ya’. Walimu wa sarufi hulikemea tumizi hilo la Nairobi. Mwanafunzi wa Kiyunani hana budi kulitazama kwa heshima kidogo, maana ni ushahidi ulio hai wa jinsi kihusishi cha mahali kinavyogeuka kuwa kihusishi cha sababu na manufaa.

Pamoja na huper, Kiyunani kina anti, ambacho kwa kawaida ndicho hubeba maana ya ubadilishano: kitu hiki mahali pa kile. Katika Agano Jipya hutokea mara 22 tu. Arkelao anatawala Uyahudi anti ya Herode baba yake (Mathayo 2:22). Baba hampi mwanawe nyoka anti ya samaki (Luka 11:11). Sheria ya kisasi inadai jicho anti ya jicho (Mathayo 5:38). Katika tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale, kondoo dume anachinjwa anti ya Isaka (Mwanzo 22:13), na Daudi anapomlilia Absalomu anatamani kufa anti yake. Hapa hakuna utata. Aliye hai angetaka kubadilishana mahali na aliyekufa.

Kwa hiyo mtu angetarajia mgawanyo safi: anti iwe badala ya, na huper iwe kwa ajili ya. Wapo wahubiri na hata wanafunzi wa uzamili wanaoutumia mgawanyo huo kama fomula, wakahitimisha kwamba kwa kuwa Paulo hapendi anti, basi hakuamini kwamba Kristo alikufa mahali pa wenye dhambi. Wapo wengine, wa upande wa pili, wanaoshika aya ya Filemoni na kutangaza kwamba huper ni badala kila mahali. Makundi haya mawili yanashirikiana kosa moja: yanakifanya kihusishi kibebe mzigo ambao ni wa sentensi nzima.

Ushahidi wa Kiyunani chenyewe unaukataa mgawanyo huo. Mfano bora kwa watu wa fasihi ni tamthilia ya Euripides, Alcestis, iliyoonyeshwa Athens mwaka 438 K.K. Mfalme Admetus amepewa nafasi ya kuepuka kifo chake iwapo atapata mtu wa kufa mahali pake. Baba na mama yake wazee wanakataa. Mkewe Alcestis anakubali. Tamthilia nzima imejengwa juu ya ubadilishano huo, na ugomvi wa Admetus na baba yake Pheres ni ugomvi juu ya nani anawiwa kifo na nani. Hata hivyo Euripides halitumii neno moja kukitaja kitendo hicho. Mara husema anti, mara huper, mara pro, kama mahadhi ya mstari yanavyotaka na kama msemaji anavyotaka kuusisitiza upendo au biashara. Kifo ni kilekile. Kinachobadilika ni upande ambao msemaji anakitazamia.

Ushahidi wa pili unatoka mbali na jukwaa. Mafunjo yaliyofukuliwa katika mchanga wa Misri, ambayo Adolf Deissmann aliyafanya yajulikane kwa wasomi wa Biblia mwanzoni mwa karne ya 20, yana mikataba na hati za kodi zilizoandikwa na makarani kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Mwisho wa hati karani hutia jina lake na kueleza kwamba ameandika huper ya fulani, kwa kuwa yeye hajui herufi. Mwanasarufi wa Kimarekani A. T. Robertson aliuona ushahidi huo kuwa hoja nzito ya kuthibitisha maana ya badala katika nyaraka za Paulo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini nguvu yake ina mpaka. Ni kweli kwamba karani anaandika mahali pa asiyejua kuandika. Hata hivyo, kinachotuambia hivyo si huper peke yake. Ni maelezo yanayofuata, kwamba mwenye hati hajui herufi. Ukiyaondoa maelezo hayo, kihusishi kinabaki kusema tu kwamba kazi ilifanywa kwa manufaa ya mwingine.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na la kusema ambalo vitabu vya Ulaya havikulisema, kwa kuwa lugha zao hazina chombo hicho. Chombo chenyewe ni kauli ya kutendea. Tumesikia mara nyingi malalamiko kwamba Kiswahili ni maskini wa vihusishi, na kwamba mtafsiri wa Kiyunani hulazimika kuikopa kwa, ya na katika kwa kila haja. Malalamiko hayo yanasahau kwamba kazi kubwa ya vihusishi katika lugha za Kibantu hufanywa ndani ya kitenzi. Chukua sentensi niandikie barua. Yaweza kuwa na maana ya kuniletea habari. Yaweza kuwa na maana ya kuniandikia barua ninayotaka kumpelekea mtu mwingine, kwa kuwa mimi sijui kuandika au nimevunjika mkono. Na hapo tuko pamoja na karani wa Misri. Yaweza pia kuwa ni kazi ya ofisini ambayo ilikuwa yangu, ukaifanya wewe ili nipate kupumzika. Manufaa na ubadilishano vimo ndani ya kiambishi kimoja, na msikilizaji huvitenga kwa muktadha tu.

Au tuchukue kulipia. Mjomba aliyemlipia mpwa wake karo amefanya nini? Amemtendea jema, bila shaka. Lakini pia ametoa fedha ambazo mwingine alidaiwa. Amesimama mbele ya mhasibu mahali pa baba wa mtoto. Ukimwuliza mpwa kama alilipiwa kwa faida yake au mahali pa baba yake atakushangaa, maana katika tendo hilo yote mawili ni jambo moja. Nathubutu kusema kwamba huper ya Paulo inafanya kazi jinsi kauli ya kutendea inavyofanya kazi katika kulipia, na kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kuuelewa utata huo kuliko msomaji wa Kiingereza ambaye lazima achague kihusishi kimoja na kuvitupa vingine.

Basi kwa nini watafsiri hawakusema tu kwamba Kristo alitufia? Umbo hilo linaishi katika nyimbo na mahubiri. Alinifia husikika kila Jumapili. Lakini kufia ni kitenzi chenye wenyeji wengi. Mtu hufia hospitalini, na hapo kiambishi ni cha mahali. Mtu huifia nchi au dini yake, na hapo ni cha sababu na manufaa. Tena ng’ombe humfia mfugaji njiani, na mume humfia mke. Hapa aliyefiwa hakupata faida yoyote, alipata hasara. Kutokana na maana hii ya tatu tumepata kufiwa na wafiwa. Sikio la Mswahili linaposikia kwamba Kristo alitufia, linasikia kwa mbali matanga. Kwa upande wa imani huenda huo si ubaya, kwani wanafunzi wa Yesu walikuwa wafiwa kweli kwa siku tatu. Lakini kwa mtafsiri anayetaka hoja ya Paulo ifike bila mwangwi usioitwa, ni heri kukimbilia kwa ajili ya.

Hilo nalo lina mambo yake. Kwa ajili ya limejengwa juu ya neno la Kiarabu, kama ilivyo kwa badala na niaba. Inafaa kukumbuka kwamba msamiati wetu wote wa kusimama kwa niaba ya mwingine umepitia Uarabuni. Ajili ina pande mbili: lengo na sababu. Mtu akisema nimefungwa kwa ajili yako, msikilizaji hawezi kujua papo hapo kama analaumiwa (kosa lako ndilo lililoniponza), au anapendwa (nilikubali kufungwa ili upone), au anaambiwa kwamba mwenziwe anatumikia kifungo kilichokuwa chake. Maana hizi tatu ndizo zinazogombaniwa katika teolojia ya msalaba. Watafsiri wa Muungano walipolichagua fungu hili hawakuukwepa utata wa Kiyunani. Waliupokea pamoja na utata mwingine, ule wa lawama, ambao huper yenyewe haina. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho 15:3 ni mfano. Paulo anasema kifo cha Kristo kilikuwa huper ya dhambi zetu. Hakuna anayekufa kwa faida ya dhambi. Hapo Kiyunani kinalazimika kumaanisha ‘kuhusu’, ‘ili kuziondoa’. Kwa Kiswahili kwa ajili ya dhambi husikika kwanza kama ‘dhambi ndizo zilizomwua’, na maana ya kuziondoa hubaki nyuma. Hati za kale zenyewe zinashuhudia kwamba wanakili walisita mahali pa namna hii: katika Wagalatia 1:4, palipo na maneno yayo hayo kuhusu dhambi, baadhi ya hati zina huper na nyingine zina peri, yaani ‘kuhusu’. Tena Marko na Mathayo wanatofautiana katika maneno ya kikombe: Marko (14:24) ana huper ya wengi, Mathayo (26:28) ana peri. Mwenye kujenga fundisho zima juu ya kihusishi kimoja na ayaeleze hayo kwanza.

Mahali ambapo naona Biblia ya Muungano ilifanya vyema kabisa kutokusema badala ni Yohana 11:50. Baraza limekutana kwa hofu ya Warumi. Kayafa, kuhani mkuu, anawaambia wenzake kwamba hawajui kitu: ni afadhali mtu mmoja afe huper ya watu kuliko taifa zima kuangamia. Katika kinywa cha Kayafa hii ni hesabu ya kisiasa. Mmoja atolewe, wengi wasalimike. Ni ubadilishano mtupu, na tena ubadilishano ambao anayetolewa hakuulizwa. Kisha msimulizi anaingilia kati na kusema kwamba Kayafa hakuyasema hayo kwa nafsi yake, bali alitabiri, na kwamba Yesu angekufa huper ya taifa na zaidi ya taifa, ili awakusanye waliotawanyika. Neno ni lilelile. Mwanasiasa alilitamka akimaanisha jambo dogo na baya, na msimulizi akalipokea kwa maana kubwa na njema, bila kulibadilisha hata herufi. Hiki ni kinaya cha kidrama cha hali ya juu, na bawaba yake ni kihusishi. Laiti tafsiri ingesema badala ya watu, Kayafa angeeleweka vizuri sana na msimulizi asingeeleweka. Laiti ingesema kwa faida ya watu, ingekuwa kinyume chake. Kwa ajili ya inawaruhusu wote wawili kusema. Wanafunzi wetu wanaotafuta mifano ya kinaya katika Shakespeare wangeweza kuipata katika aya hizi mbili.

Lakini sifa hiyo haiwezi kuenezwa kila mahali. Katika Waraka wa pili kwa Wakorintho 5:14, Paulo anasema mmoja alikufa huper ya wote, kisha anatoa hitimisho linalomshtua msomaji: basi wote walikufa. Hitimisho hilo halitokani na manufaa. Mjomba akinitendea jema sisemi kwamba mimi nimetenda. Linatokana na uwakilishi: kilichotendwa na mjumbe kimetendwa na waliomtuma. Wala halitokani na ubadilishano mtupu, kwa kuwa kama alikufa mahali petu tungetarajia kusikia kwamba basi sisi hatukufa. Aya inayofuata inalizidisha jambo, maana huper moja inakitawala kifo na ufufuo pamoja: yeye aliyekufa na kufufuka huper yao. Hakuna anayesema Kristo alifufuka badala yetu, tukabaki makaburini. Hapa Kiswahili kina neno lifaalo, nalo ni kwa niaba ya, na naona ni hasara kwamba halikutumika. Aya chache mbele (5:20), Paulo anajiita balozi huper ya Kristo. Balozi hafanyi kazi kwa faida ya mfalme wake tu. Husema kwa niaba yake, na neno lake ni neno la mfalme. Kwa ajili ya hapo ni pungufu. Linamfanya Paulo mtumishi mwaminifu ambapo yeye alidai kuwa sauti.

Upande wa anti, tafsiri yetu imeyumba kwa namna inayoburudisha. Katika Yohana 1:16, ambapo neema inapokelewa anti ya neema, Muungano ulitumia juu ya, yaani ile maana ya kimsingi ya huper. Labda walisikia wingi unaorundikana. Wako wafasiri wengi wa Ulaya waliosikia hivyo. Lakini anti hairundiki. Inaondoa na kuweka, na aya inayofuata, inayowataja Musa na Kristo, inaelekea kuunga mkono maana ya neema moja kuchukua nafasi ya nyingine. Katika Waebrania 12:2, ambapo Yesu alistahimili msalaba anti ya furaha, watafsiri walichagua kwa ajili ya, na kwa uchaguzi huo wakaamua kwamba furaha ilikuwa tuzo iliyomngoja. Yawezekana. Lakini yawezekana pia kwamba ilikuwa furaha aliyoiacha, na msalaba akauchukua badala yake. Tofauti baina ya mtu anayevumilia ili alipwe na mtu anayeacha alichonacho si ndogo.

Imebaki aya nzito kuliko zote. Marko 10:45 ndipo mahali pa wazi ambapo Injili inatumia anti kuhusu kifo cha Yesu: uhai wake utatolewa kuwa lutron anti ya wengi. Lutron ni bei inayolipwa kumtoa mateka au mtumwa. Muungano umetumia fidia, na kihusishi chote kizito kikayeyuka ndani ya kiunganishi -a: fidia ya wengi. Sina ugomvi na neno fidia. Ni zuri, na Waislamu wa pwani wanalijua katika malipo ya saumu iliyokosekana. Ugomvi wangu ni na ya. Fidia ya wakulima, kama tunavyolisoma fungu hilo katika habari za ardhi, ni fedha wanazolipwa wakulima. Fidia ya wafanyakazi ni haki ya wafanyakazi walioumia kazini. Kwa sarufi ya leo, fidia ya wengi ni malipo ambayo wengi watayapokea. Kwa Marko mambo ni kinyume: wengi ndio waliotekwa, na bei yao inakwenda kwingine. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, waliolipwa fidia ni mabwana, nao watumwa ndio waliofidiwa. Historia hiyo ya kuhuzunisha inaeleza muundo wa lutron kwa usahihi kuliko kamusi, na inaonyesha pia jinsi ya inavyoweza kumgeuza aliyekombolewa kuwa mdai.

Mwandishi wa Waraka wa kwanza kwa Timotheo (2:6) alikuwa na tatizo la namna hiyo, naye alilitatua kwa ujanja wa lugha. Alilichukua anti akalibandika mwanzoni mwa nomino, likawa antilutron, kisha akaongeza huper mbele ya ‘wote’. Ubadilishano ukakaa ndani ya nomino, na upendo ukakaa katika kihusishi. Kiswahili kinaweza kufanya hivyo pia. Mtu anaweza kusema Mwana wa Adamu alikuja kuutoa uhai wake uwe bei ya kuwakomboa wengi. Kitenzi kukomboa, ambacho bado tunakitumia kwa shamba lililowekwa rehani, kinaubeba ubadilishano bila kumlazimisha msomaji kuamua nani amelipwa. Maneno yatakuwa marefu kuliko yale ya Marko. Lakini Marko naye hakuwa na kauli ya kutendea, na kila lugha hulipa urefu mahali pake.